Maswali na Majibu: Njia ya Kupata Ithibati ya Uamuzi wa Softboli

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mechi nyingi za softboli (mchezo wa gongo na mpira ulio ndugu wa besiboli) ninazozihudhuria katika eneo letu huchezeshwa na mwalimu yeyote aliyekuwa huru siku hiyo, na kwamba wachezaji wetu wanastahili kuamuliwa na watu waliofunzwa na kupimwa. Maswali yaliyofuata yametoka Kisumu, Kakamega, Vihiga na Nakuru. Nayajibu yale yaliyoulizwa na wengi.

Mimi ni mwalimu wa michezo karibu na Kakamega. Sijawahi kucheza softboli, ila kwa miaka miwili nimechezesha mechi za shule kwa busara yangu tu. Nianzie wapi ili nipate ithibati inayotambulika?

Mwalimu mwenzangu, kutocheza si kizuizi. Nimewaona wachezaji hodari wakishindwa uamuzi kwa sababu walizoea kuufuata mpira kwa macho ya mchezaji, na nimewaona watu ambao hawakuwahi kushika gongo wakiwa waamuzi imara kwa sababu walikubali kujifunza pa kusimama.

Utaratibu unaofuatwa katika nchi nyingi ambazo mchezo huu umekomaa una hatua nne: kusoma kitabu cha kanuni, kuhudhuria mafunzo, kufanya mtihani wa maandishi, kisha kutazamwa ukichezesha mechi halisi na mwamuzi wa ngazi ya juu anayeandika alama zake pembeni. Ukifaulu unapewa ngazi ya kwanza, na kila ngazi inayofuata hudai mechi zaidi na mtihani mgumu zaidi. Kitabu unachopaswa kukisoma ni kile cha WBSC, shirikisho la dunia lililozaliwa mwaka 2013 baada ya mashirikisho ya besiboli na softboli kuungana. Tafuta toleo la karibuni, kwa maana kanuni hurekebishwa mara kwa mara, na nakala kuukuu iliyosahaulika katika kabati la idara ya michezo inaweza kukupotosha.

Tahadhari moja kuhusu fedha. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya Msajili wa Michezo, na mashirika ya michezo yanatakiwa kusajiliwa huko. Kabla ya kulipa ada ya kozi, mwulize mwandalizi anafanya kazi chini ya shirikisho gani, kama limesajiliwa, na kama cheti atakachokupa kitatambuliwa nje ya kaunti yenu. Asipokuwa na jibu lililonyooka, weka pesa zako mfukoni.

Nasoma chuo kikuu huko Njoro na nina mtihani wa maandishi hivi karibuni. Ni maswali gani huwaangusha watahiniwa?

Yale ya hesabu hayamwangushi mtu. Utakariri kwa jioni moja kwamba mechi ina awamu 7 (katika kila awamu timu zote mbili hupokezana kupiga), kwamba kutoka besi moja (kituo anachokimbilia mpigaji) hadi nyingine ni mita 18.29, na kwamba mrushaji wa kike husimama mita 13.11 kutoka bamba la nyumbani (pale anaposimama mpigaji) ilhali wa kiume husimama mita 14.02. Wengi huanguka katika maswali ya hali, yaani pale unapoelezwa tukio na kutakiwa kusema nini kinafuata.

La kwanza ni mpira wa juu ndani ya uwanja wa karibu, yaani eneo la besi, ambao watahini hupenda kuuliza. Kanuni hii inatumika tu ikiwa kuna wakimbiaji katika besi ya kwanza na ya pili, au besi zote 3 zimejaa, na ikiwa auti (wachezaji wa upande unaopiga waliotolewa) hazijafika 2. Mpigaji akiupaisha mpira halali (ulio ndani ya mistari ya uwanja) ambao mlinzi wa ndani, wa timu isiyopiga, angeudaka bila taabu, mwamuzi anatangaza papo hapo kwamba mpigaji ni auti, hata kama baadaye mpira utaangushwa. Sababu yake inaeleweka vizuri ukijiweka mahali pa mkimbiaji: asingejua akimbie au abaki, na mlinzi mjanja angeuacha mpira uanguke makusudi ili apate auti 2 badala ya 1. Sasa angalia mtego wa mtihani. Ukiambiwa kwamba wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya pili, auti ni 1, na mpigaji alikuwa anajaribu kuugusa mpira kidogo tu kwa gongo bila kulizungusha, ukapaa juu, jibu ni kwamba kanuni hii haihusiki. Vilevile haihusiki mpira ukienda moja kwa moja kama mshale. Na ukitangaza auti, kisha mpira ukaangukia nje ya mstari bila kuguswa, huo ni faulo na mpigaji anarudi kupiga. Ndiyo maana mwamuzi mwangalifu, akiuona mpira unaelea karibu na mstari, hutangaza kwamba mpigaji ni auti iwapo mpira utakuwa halali.

La pili ni kutofautisha kuzuia na kuingilia. Kuzuia ni kosa la walinzi: mlinzi asiye na mpira, wala hayumo katika kuucheza, anamkatia mkimbiaji njia. Hapo husimamishi mchezo mara moja. Unanyoosha mkono wa kushoto ubavuni, ngumi ikiwa imefungwa, unaacha tukio liishe, kisha unampa mkimbiaji besi ambayo kwa maoni yako angeifikia kama asingezuiwa. Kuingilia ni kosa la upande unaopiga, kama vile mkimbiaji kumgonga mlinzi anayeuokota mpira uliopigwa. Mpira hufa papo hapo na kuna mtu wa kutoka. Watahiniwa huchanganya maneno haya kwa sababu hata watazamaji huyachanganya. Andika ukutani mwa chumba chako: walinzi huzuia, wapigaji huingilia.

Chora uwanja kwenye karatasi, weka vifuniko vya soda kama wakimbiaji, na umwombe mwenzako akusomee matukio huku ukivisogeza. Hakuna njia bora kuliko hiyo niliyowahi kuiona.

Navaa miwani. Je, nitakataliwa? (Nakuru)

Hutakataliwa. Hakikisha tu kwamba inakaa vizuri ndani ya barakoa na kwamba lenzi si za kioo kinachovunjika kwa urahisi.

Nilikuwa refa wa kandanda, nami naona vizuri sana, lakini makocha hapa Kisumu wananilaumu kwamba nakosea kila mara katika besi ya kwanza. Nifanye nini?

Ndugu yangu, tatizo si macho. Nitakueleza kosa langu mwenyewe, kwa sababu nadhani ndilo lako.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwamuzi wa besi katika kiwanja cha shule moja ya Vihiga, mechi ikiwa awamu ya mwisho na timu zikitofautiana kwa mkimbio mmoja, yaani alama moja. Mpira ulichapwa ardhini, mlinzi akauokota, akautupa besi ya kwanza. Nami niliusindikiza mpira kwa macho tangu mkononi mwake hadi kwenye glavu ya mwenzake, nikauona umeingia kabla ya mguu wa msichana kugusa besi, nikainua ngumi na kupaza sauti, "Auti!" Ngumi yangu ilikuwa bado juu nilipouona mpira ukibingirika kwenye vumbi jekundu kando ya kiatu cha mlinzi. Haukuwa umeshikwa. Ilinibidi nibatilishe kauli yangu mbele ya shule nzima, na uamuzi ulikuwa sahihi mwishowe, lakini kuanzia hapo hakuna aliyeniamini hadi mechi ilipoisha.

Nilifanya makosa mawili. Kwanza, niliharakisha. Auti haijakamilika mpaka mlinzi aonyeshe kwamba ameumiliki mpira, na mkimbiaji hatahama pale alipo kwa sababu wewe umengoja pumzi moja. Tazama, hakikisha, kisha utamke. Pili, niliutazama mpira kupita kiasi. Mtupo ukishatoka mkononi na ukaona hauendi kombo, rudisha macho kwenye besi, uangalie mguu wa mlinzi na mguu wa mkimbiaji, na uyaachie masikio kazi ya kusikia mpira unapopiga ngozi ya glavu. Macho hayawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, lakini jicho na sikio vinaweza kugawana.

Kuna pia suala la mahali pa kusimama. Katika kandanda ulizoea kukimbia ili uwe karibu na tukio. Hapa ukisogea mno, mguu na glavu havionekani pamoja. Kwa tukio la besi ya kwanza simama mita 5 au 6 kutoka besi, mahali ambapo mstari wa macho yako unakutana na njia ya mtupo kwa pembe ya takriban nyuzi 90, na uwe umesimama kabisa mpira unapofika. Anayekimbia huku akitazama huona kila kitu kikitikisika. Tukio la kumgusa mkimbiaji kwa glavu ndilo linalokutaka usogee, hadi mita 3 au zaidi kidogo, kwa maana pale unatafuta mguso mdogo sana, wakati mwingine wa ncha ya glavu kwenye shati. Na kama kiwanja chenu kina besi pacha pale ya kwanza, kumbuka kwamba nusu nyeupe ni ya mlinzi na nusu ya rangi ya chungwa ni ya mpigaji anayekimbia.

Kuhusu makocha wenyewe: uamuzi wa macho, kama auti au straiki (mrusho ambao mpigaji ameukosa, au ameuacha ingawa ulikuwa mzuri), haukatiwi rufaa. Kinachoweza kupingwa ni matumizi mabaya ya kanuni, na pingamizi hilo hutolewa kabla ya mpira unaofuata kurushwa. Kocha akikujia kwa heshima kuuliza kanuni, msikilize, na ukiwa na shaka kamwulize faraghani mwamuzi mwenzako anayesimama nyuma ya bamba la nyumbani. Akija kubishania mguu na besi, mjibu kwa sentensi moja, umpe mgongo kwa utulivu, urudi mahali pako.

Huku kwetu Kakamega mvua ya alasiri huja na radi. Nani mwenye amri ya kusimamisha mechi, mwalimu mkuu au mwamuzi?

Mechi ikishaanza, ni mwamuzi, na wajibu huu naupa uzito kuliko straiki zote. Kila mtu aliyekulia Kakamega au Kisii anajua majina ya majirani waliopigwa na radi. Wachezaji wetu wako katika uwanja wa wazi, wengine wakiwa na magongo ya alumini mikononi, mbele ya uzio wa waya. Usingoje mvua. Ukisikia ngurumo, radi iko karibu kiasi cha kukudhuru: inua mikono, simamisha mchezo, na uwapeleke wote madarasani au ndani ya basi la shule, kamwe si chini ya mti wala kibanda cha wazi. Mwongozo unaotumiwa na wengi ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza kuhesabu upya. Mwenyeji atalalamika kwamba jua linazama. Mwache alalamike.

Ikiwa mchezo hauwezi kuendelea, kwa kawaida matokeo huhesabiwa kama awamu 5 zimekamilika, au kama timu inayopiga ya pili inaongoza baada ya kupiga katika awamu 4, isipokuwa kanuni za mashindano yenu zimeagiza vinginevyo. Ziulizie asubuhi, si wakati wingu limeshatanda.

Binti yangu wa miaka 16 anataka kuwa mwamuzi. Naogopa ule mpira. Mama, Nyalenda.

Mama, hofu yako ina msingi. Neno "laini" lililomo katika jina la mchezo halimo katika mpira wenyewe. Una mzingo wa sentimita 30 na kidogo, ni mgumu, na kwa warushaji wa kiwango cha juu huvuka umbali wa kutoka kwa mrushaji hadi bamba la nyumbani chini ya nusu sekunde. Mruhusu aanze katika besi, katika mechi za watoto wadogo, akiwa pamoja na mwamuzi mzoefu. Asisimame nyuma ya mdakaji (anayepokea mipira nyuma ya mpigaji) hata kwa mazoezi bila barakoa yenye kinga ya koo, kinga ya kifua na kinga za miundi. Vifaa hivi ni ghali, kwa hiyo shule au chama kivinunue vitumike kwa zamu, na mtu asikubali kuambiwa kwamba leo achezeshe bila hivyo kwa sababu havijafika.

Akitimiza miaka 18 na kupata kitambulisho, aombe cheti cha mwenendo mwema, alama za vidole zikichukuliwa Huduma Centre. Waandalizi wa mashindano ya watoto wana haki ya kukidai, nami natamani wote wangekidai.

Je, mtu wa kwetu anaweza kufika Olimpiki, na je, kazi hii inalipa? (Maseno)

Softboli ya wanawake ilichezwa Olimpiki kuanzia Atlanta mwaka 1996 hadi Beijing mwaka 2008, ikarudi katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na imo katika ratiba ya Los Angeles 2028, ingawa mechi zenyewe zitachezewa Oklahoma City. Waamuzi wa kimataifa hupendekezwa na mashirikisho ya nchi zao kisha wakapimwa na WBSC, kwa hiyo mlango unaanzia nyumbani. Weka daftari la kila mechi uliyochezesha, tarehe, uwanja, nafasi uliyosimama na jina la aliyekutathmini, kwa sababu hutaweza kuyakumbuka utakapoulizwa.

Kuhusu malipo, usiache kazi yako. Mara nyingi utapewa nauli, chakula cha mchana na posho ndogo. Kubaliana na mwandalizi kabla ya kupanda matatu.