Je, inafaa kulipia ulinzi wa punguzo la kutodai?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Nina bima kubwa ya gari na kwa miaka saba sijadai chochote, hivyo napata punguzo la asilimia 50. Sasa nahuisha bima, na kampuni inasema nikiongeza asilimia 8 juu ya ninacholipa, punguzo langu litalindwa: naweza kudai mara mbili ndani ya miaka mitano bila kulipoteza. Nisipoongeza, nikidai nashuka hadi asilimia 30, kisha napanda kwa 10 kila mwaka. Kijana wangu amepata leseni juzi na ataandikwa kwenye bima hii hii. Halafu wiki iliyopita nilikwaruza mlango kwenye nguzo ya geti. Nilipie ulinzi huo, au ni namna ya kunikamua tu?

JIBU: Kwako wewe, lipia, ila sababu ni huyo kijana. Ungekuwa unaendesha peke yako, ningekwambia fedha hiyo ibaki mfukoni.

Kwanza tujue kinacholindwa ni nini, maana hapo ndipo wateja wangu wengi huja wakilalamika wakati maji yameshamwagika. Ulinzi huu unalinda asilimia ya punguzo. Bei ya bima haulindi. Kampuni hupanga kwanza bei ya msingi kwa kuangalia gari, dereva na rekodi yake, ndipo inakata punguzo. Ukipata ajali, asilimia 50 yako inabaki palepale, lakini bei ya msingi inaweza kupanda, na nusu ya kikubwa ni kubwa kuliko nusu ya kidogo. Nchini Uingereza, mamlaka ya ushindani ilipomaliza kuchunguza soko la bima za magari ilitoa amri mwaka 2015 inayozitaka kampuni kumwambia mteja waziwazi kwamba ulinzi huu haulindi bei ya jumla, na kwamba bei inaweza kupanda baada ya ajali hata kama kosa si lake.

Sasa hesabu. Tuseme bei yako ya msingi ni 100, hivyo unalipa 50. Asilimia 8 ya hapo ni 4 kwa mwaka. Tuseme tena ukidai bei ya msingi inapanda hadi 120 (hiki ni kiwango changu cha kukadiria, yako waulize). Ukiwa na ulinzi unalipa 60, pamoja na 4.8 ya ulinzi wenyewe. Bila ulinzi, mwaka wa kwanza unalipa 84, wa pili 72, wa tatu umerudi kwenye 60. Tofauti ya miaka hiyo miwili ni 24 na 12, jumla 36. Gawanya 36 kwa 4 unapata miaka tisa. Gawanya kwa 4.8 unapata saba na nusu. Kwa hiyo ulinzi unajilipa iwapo gari lako linaleta dai mara moja kila miaka minane hivi, au mara nyingi zaidi.

Wewe umekaa saba bila dai, na hujaniambia kama unaegesha ndani ya geti au barabarani. Nauliza kwa sababu watu husema "mimi ni dereva makini" wakidhani hilo linatosha. Kwa kawaida punguzo halishuki kwa sababu ulikosea. Linashuka kwa sababu kampuni imelipa na haikupata mtu wa kumdai irudishiwe. Gari likiibwa, au likigongwa limeegeshwa na aliyegonga akatokomea, hukukosea lolote, lakini mikataba mingi itakuhesabia dai. Kioo cha mbele mara nyingi hakihesabiwi. Soma mkataba wako, usimsikilize jirani.

Dereva mgeni ndiye anayegeuza mizani. Vijana wenye leseni mpya hupata ajali nyingi kuliko wenye uzoefu, na kila kampuni ya bima inalijua hilo. Kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo wake, kiwango cha dai moja kwa kila miaka minane si jambo la kushangaza. Lipia miaka hiyo, kisha uupime upya. Ila uliza kabla: ukiuacha ulinzi huu, unaweza kuurudia baadaye, au lazima uanze tena kukusanya miaka?

Uliza pia utakuwaje ukihamia kampuni nyingine. Huko utaulizwa madai yako ya miaka ya karibuni, na si lazima waheshimu ulinzi ulionunua kwingine. Ujerumani, kwa mfano, kampuni ya zamani huipa mpya daraja la punguzo ambalo ungekuwa nalo bila ulinzi. Umelipa miaka yote, unahama, unakuta umeshuka.

Kwa kukuonjesha tu jinsi mambo yanavyotofautiana: Ufaransa huhitaji kuununua ulinzi huu kabisa, ingawa si wa kila mtu. Sheria yao inampunguzia dereva asilimia 5 kila mwaka bila ajali aliyoisababisha, hadi afike nusu ya bei, na akikaa kwenye nusu hiyo miaka mitatu, ajali ya kwanza anasamehewa. India wanauza ulinzi kama nyongeza, na huko una maana zaidi, kwa sababu bila ulinzi dai moja linaliangusha punguzo lote hadi sifuri. Mkataba wako unakushusha ngazi mbili tu, ndiyo maana faida yako ni nyembamba.

Kuhusu mlango: ulinzi utakaonunua leo hauhusiki na mkwaruzo wa wiki iliyopita. Na hata ungehusika, una madai mawili tu kwa miaka mitano, na kila dai linaingia kwenye rekodi na kukukata ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Wape taarifa tu kama mkataba unavyodai, uandike kwamba hudai fidia, kisha upeleke gari kwa fundi wa rangi kwa fedha yako. Hayo madai mawili mwachie kijana.