Kabla hujalipia mashine ya tofali za majivu, tumbukiza tofali kwenye ndoo ya maji

Mkuu usilipe hiyo advansi. Nimesoma uzi wako mara mbili nihakikishe sijaelewa vibaya: umeahidiwa majivu ya bure ya boila ya kiwanda, muuza mashine kakwambia mashine yake inagandamiza vizuri mpaka saruji huhitaji wala chokaa, na wewe unauliza uchukue ya dizeli au ya umeme, na kama unaweza kuchanganya chupa za kusaga na plastiki. Achana na dizeli na umeme kwanza. Hayo majivu ni ya nini? Makaa ya mawe? Kuni? Pumba za mpunga? Yananaswa juu kwenye bomba la moshi au yanakombwa chini ya tanuru? Hujaandika popote, na hapo hapo ndipo mtaji wangu ulipozama.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Jamaa akaja na tofali mbili za mfano, akazigonganisha zikalia ngo ngo, kona kali, uso laini, akasema "haya majivu yanajigandisha yenyewe". Nikanunua mashine, nikafyatua na kupanga mpaka uwanja ukajaa. Zikakauka juani zikawa nzuri kweli kuangalia. Siku mteja wa kwanza anakuja, fundi wake akachukua moja akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, tukaendelea kupiga stori. Kwanza yakatoka mapovu, kidogo kidogo, baadaye kona moja ikadondoka, maji yakageuka kijivu, na alipoingiza mkono kuitoa ilikuwa imelainika kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni, vidole vikapita katikati. Fundi hakusema kitu, akamwaga ndoo wakaondoka. Mvua iliyofuata ikamalizia uwanja mzima.

Sasa sikiliza kwa nini, maana hili muuzaji hatakwambia, na sijui hata kama analijua. Yapo majivu ya makaa ya mawe yenye kalsiamu nyingi, mara nyingi ya yale makaa machanga, lignaiti na jamaa zake, haya ukiyatia maji yanashika yenyewe kama saruji. Viwango vya Marekani vya ASTM C618 vinayaita daraja C. Injinia Henry Liu kule Missouri alitengeneza tofali kwa majivu hayo bila kuzichoma tanuruni, kwa hiyo kitu chenyewe kipo na ni cha kweli, lakini hata yeye baada ya kugandamiza alizikomaza kwenye mvuke wa moto, hakuzitupa juani. Halafu yapo ya daraja F, ya makaa magumu, silika na alumina (madini ya mchanga na ya udongo) kibao ila kalsiamu kidogo, haya ukiyatia maji peke yake unapata vumbi lililolowa basi. Yanataka chokaa, au saruji ambayo ikishika huwa inatoa chokaa ndani kwa ndani, na chokaa ikikutana na silika kwenye unyevu ndio inazaliwa ile gundi ya kushika tofali, tena taratibu, wiki kwa wiki. Wahindi wanafanya hivyo miaka mingi, majivu na chokaa na jasi, na tofali zinasimama majengo kwa majengo.

Mimi nilikuwa na daraja F na nikapewa mapishi ya daraja C. Ndio hivyo tu. Mgandamizo ulishindilia vumbi likakaa, kona zikawa kali, ndani hakuna kilichoshikana. Mashine inatengeneza umbo, haitengenezi gundi! Na kabla hamjaja kuniambia nilibania saruji, mtu aliyelipia mashine nzima mfuko wa saruji ungemshinda? Niliambiwa haihitajiki na mtu mwenye koti la maabara na kalamu tatu mfukoni. Mtu anayeuza mashine bila kuuliza majivu yako yanatoka wapi huyo hafanyi biashara, anatega. Nikikumbuka alivyokuwa ananipigapiga bega bado napandwa na hasira.

Kwa hiyo kanuni ni moja: tofali lako, la majivu yako, lilale kwenye ndoo kabla hela haijatoka. Chukua debe la majivu, mengine koroga na maji tu yawe uji mzito, funika na nailoni, yaache siku kadhaa. Yakiwa magumu kucha haiingii, unayo ya kalsiamu nyingi. Yakibaki tope, unahitaji chokaa au saruji, hakuna mjadala. Hapo fyatua vitofali vichache kwa kalibu ya mkono, anzia saruji kama asilimia 10 ya mchanganyiko, vumbi la mawe au mchanga kama theluthi, majivu yaliyobaki. Chupa za kusaga zinaingia hapo kwenye nafasi ya mchanga. Plastiki hapana, haishikani na saruji.

Na usizianike juani mkuu nakuomba. Tofali za udongo zinakaushwa kwa sababu zinaenda tanuruni, hizi zikikauka mapema ile kazi ya chokaa inakufa njiani. Weka kivulini, funika, mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili au tatu, acha zifike siku 28, ndio utumbukize kwenye ndoo zilale usiku mzima. Ipime uzito ikiwa kavu na ikitoka majini, ikinywa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake bado haijafika. Nyingine peleka maabara ya vifaa vya ujenzi waipasue kwa mashine wakupe namba.

Majivu yakiwa meusi ujue mkaa haukuungua wote, ASTM C618 inataka kinachopotea ukiyachoma tena kisizidi asilimia 6. Ya kuni sahau. Ya pumba za mpunga ni mazuri sana kama hayakuunguzwa kwa moto mkali kupita kiasi, ila nayo yanataka chokaa. Na kila lori jipya likija rudia ndoo, kwa sababu kiwanda kikibadilisha makaa hakuna atakayekupigia simu. Vaa barakoa na miwani, vumbi hilo linaingia mapafuni na chokaa inaunguza macho.

Huyo muuzaji mwambie hivi: aje na mashine yake, afyatue kwa majivu yako mbele yako, tofali zibaki kwako siku 28, halafu ndoo. Akikubali rudi hapa useme. Na kaulize kiwandani leo wanachoma makaa gani, uandike hapa chini, tuanzie hapo.