Dakika tano za mmumunyo wa pili: ushauri kwa wanaotoa plasmidi

Wanafunzi wengi wanaotoa plasmidi (vipande vidogo vya DNA vya duara vilivyomo ndani ya bakteria) na kupata kidogo, au chafu, huanza kwa kuvilaumu vitendanishi. Kwa miaka niliyofanya kazi hii hapa Dodoma nimeona kwamba vitendanishi huwa vizima mara nyingi, na kwamba mambo huharibika mkononi, hasa katika hatua fupi ya kuzipasua seli.

Kuhusu kuotesha bakteria sina mengi. Mililita 3 hadi 5 za mchuzi wa LB (chakula cha bakteria) wenye kiuavijasumu, zikitikiswa kwa saa 12 hadi 16 kwenye nyuzi 37, zinatosha. Usiziache zikae mno, kwa sababu kiuavijasumu kama ampisilini huvunjwa na bakteria wenyewe, na wasio na plasmidi hupata nafasi ya kuongezeka. Umeme ukisumbua asubuhi, zungusha mchuzi wenye bakteria kwenye sentrifuji mara unaporudi, umwage mchuzi, kisha ugandishe mashapo ya seli, yatakusubiri.

Mbinu yenyewe, iliyochapishwa na Birnboim na Doly mwaka 1979, inategemea tofauti kati ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria, ambayo ni ndefu mno, na plasmidi, ambayo ni duara dogo lililojisokota. Mmumunyo wa pili, unaoongezwa baada ya seli kutawanywa kwenye ule wa kwanza, una sodiamu hidroksaidi na sabuni ya SDS. Sabuni huupasua utando wa seli, na alkali huzitenganisha nyuzi mbili za DNA, lakini nyuzi za plasmidi haziwezi kuachana kabisa kwa kuwa zimepitana kama pete za mnyororo. Mmumunyo wa tatu, wenye asetati ya potasiamu, ukishapunguza ukali wa alkali, plasmidi hurudia umbo lake upesi, ilhali kromosomu hunasana ovyo na kuzama pamoja na protini.

Ndiyo maana nasisitiza mkono mwepesi. Ukiongeza mmumunyo wa pili, pindua tyubu taratibu mara nne hadi sita, mpaka ukungu wa seli uondoke na kimiminika kivutike kama mlenda. Usitumie mashine ya kutikisa, kwa maana kromosomu itakatika vipande vidogo vitakavyobaki juu pamoja na plasmidi, na hakuna hatua ya baadaye itakayoviondoa vizuri. Wala usizidishe dakika tano: plasmidi iliyokaa mno kwenye alkali huharibika umbo moja kwa moja, hutangulia mbele kwenye jeli ya agarosi (inayotenganisha DNA kwa ukubwa na umbo), na vimeng'enya vya kukata DNA huishindwa. Mwenye tyubu ishirini na nne azigawe mafungu, badala ya kuzikimbilia zote kwa mkupuo.

Hali ya hewa ya huku nayo ina lake. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi ya kutosha kuigandisha SDS ya mmumunyo wa pili, nawe utaona chembe nyeupe chini ya chupa. Ipashe moto kwenye nyuzi 37 hadi iwe angavu ndipo uitumie. Chupa hiyo ifungwe barabara, kwani alkali hufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na kupungua nguvu. Wanaosafisha DNA kwa ethanoli bila safu ya silika (kichujio kinachoishika DNA) wajihadhari na ukavu wetu wa kiangazi: mashapo ya DNA yaliyokaushwa kupita kiasi huwa magumu kuyeyuka. Wanaotumia safu wana tatizo la kinyume, yaani wasipoizungusha tena ikiwa tupu, ethanoli iliyosalia huifanya sampuli ielee na kutoka kwenye kishimo cha jeli.

Katika kupima, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 ulio karibu na 1.8 ni mzuri, ila hautofautishi plasmidi na kromosomu, na RNA iliyobaki huongeza kiasi kwenye kipimo. Mimi siamini namba hiyo kabla ya kuiona jeli. Ukiridhika, gawa sampuli kwenye tyubu ndogondogo, uandike jina la plasmidi na tarehe kwa kalamu isiyofutwa na ethanoli, kisha uzihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.