Maswali na majibu: Kuchambua kurasa mbili za makala ya muziki

Maswali ya safari hii yanahusu kazi moja: kuchukua makala kuu ya jarida la muziki, zile kurasa mbili zinazotazamana mwanzoni mwa makala, na kueleza jinsi usanifu na lugha vinavyosaidiana. Wengi wanaojikwaa hapa hukimbilia maana kabla ya kutazama vizuri kilichopo.

Nimezitazama kurasa zangu siku nzima na sijui nianzie wapi.

Anza na rula. Weka karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya kurasa, kisha chora mstatili kuzunguka kila kitu: picha, kichwa cha habari, utangulizi, safu za maandishi, nukuu iliyokuzwa, namba ya ukurasa. Usiandike neno lolote bado. Ukiondoa karatasi utaona mifupa ya ukurasa bila nyama yake.

Sasa pima. Kurasa mbili za A4 zikifunguliwa ni milimita 420 kwa 297. Tuseme picha imejaza ukurasa wote wa kushoto na kuvuka milimita 60 kuingia kulia. Upana wake ni 270, yaani asilimia 64 ya eneo lote. Maandishi yamebakiwa na milimita 150. Toa pambizo na nafasi ya kupumulia, utakuta safu mbili za milimita 60 hivi kila moja. Hapo tayari una hoja: msanii amepewa karibu theluthi mbili, mwandishi amebanwa pembeni. Jarida limeamua kwamba sura inauza kuliko maelezo.

Pima na maandishi. Kutoka chini ya mstari wa kwanza hadi chini ya mstari wa 11, gawanya kwa 10, kisha gawanya kwa 0.35, kwa kuwa pointi moja, kipimo cha herufi na mistari, ni karibu milimita 0.35. Umbali wote wa mwanzo ukiwa milimita 42, mistari imeachana kwa pointi 12. Kwa herufi za pointi 9 huo ni mwanya mkubwa, na ukurasa utaonekana mtulivu. Kwa herufi za pointi 10 ni wa kawaida tu.

Kwenye nakala yangu ya PDF picha haikai sawa na maandishi yake. Jarida limekosea?

Mara nyingi kosa ni la mpangilio wa kompyuta. Katika jarida linalosomwa kutoka kushoto, ukurasa wa namba shufwa hukaa kushoto na wa namba witiri kulia. Programu ikiunganisha jalada na ukurasa wa 2, kila jozi inayofuata inakuwa ya uongo. Chagua kuonyesha kurasa mbili mbili huku jalada likisimama peke yake.

Ukiweza kupata jarida la karatasi, lishike mkononi, maana PDF haina mkunjo. Jarida lililogandishwa kwa gundi halifunguki kabisa, na milimita kadhaa za kila upande humezwa katikati. Msanifu anayejua kazi hupeleka jicho, pua na mdomo mbali na mkunjo, na hapitishi neno fupi la kichwa juu yake bila kuacha mwanya wa ziada. Uso ukikatwa katikati, uliza kwanza kama ni uzembe au makusudi. Ikiwa makala inamzungumzia mtu aliyegawanyika kati ya maisha mawili, mkunjo huenda umepewa kazi.

Mwalimu amekataa sentensi yangu ‘rangi nyekundu inaonyesha hatari na mapenzi’. Kwa nini?

Kwa sababu ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajaona ukurasa wako. Tafuta nyekundu hiyo inarudi wapi. Je, ya herufi kubwa ya kuanzia aya imechukuliwa kwenye koti la msanii? Imerudi kwenye jina lake ndani ya utangulizi? Basi kazi yake ni kufunga uzi kati ya picha na maneno, ili jicho litoke kwenye koti lifike mwanzo wa makala bila kuelekezwa. Kisha ibadilishe kichwani iwe ya kijivu. Kinachopotea ndicho cha kuandika.

Nimeambiwa nizungumzie fonti lakini sijui majina yake.

Majina si lazima. Sema unachoona: herufi zina vijimkia kwenye ncha au hazina, ni nene au nyembamba, zimebanana au zimeachana, zimechakaa au ni safi. Tazama Kerrang!, jarida la Uingereza la muziki wa roki lililoanza 1981. Jina lenyewe ni tanakali sauti ya gitaa likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zina nyufa kana kwamba mlio umezipasua. Neno na umbo vinasema kitu kimoja.

Mfano wa upande mwingine ni Ray Gun la Marekani. Mwaka 1994 msanifu wake, David Carson, aliona mahojiano na Bryan Ferry hayana ladha, akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu isiyo na herufi. Maandishi yakageuka picha. Uamuzi huo unavumilika kwa wasomaji wanaopenda ukurasa uwe na fujo kama muziki wenyewe. Kwa jarida la watu wanaotaka kusoma habari za msanii ungekuwa dharau.

Upande wa lugha nifanye nini zaidi ya kutaja sitiari na takriri?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi hupita mbio. Chukua sentensi ya kwanza. Tuseme ni hii: ‘Anaingia amechelewa dakika 40, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na kitu cha kwanza anachoomba ni kiti cha pembeni.’ Kiambishi -na- kinamweka msomaji chumbani, jambo linatokea sasa. Jina halijatajwa, a- inatosha kwa sababu kichwa na picha vimeshamtambulisha. Tayari lugha inategemea usanifu. Halafu ‘kiti cha pembeni’ kinadokeza kuona haya bila kulitaja neno lenyewe. Kama picha ya kushoto inamwonyesha jukwaani, mikono imetanda chini ya taa, basi picha inasema ujasiri na sentensi inasema kuona haya. Mgongano huo ndio makala yenyewe, na uchambuzi wako ukae hapo.

Fuatilia pia vitenzi vinavyobeba maneno ya msanii. ‘Anasema’ hakina upande. ‘Anakiri’ kinamtia hatiani kabla hujasikia alichosema, na ‘anasisitiza’ humfanya aonekane hajaaminiwa. Mwandishi anaficha hukumu yake humo.

Nukuu iliyokuzwa nayo usiiamini haraka. Itafute ndani ya makala, uone imepunguzwa maneno mangapi na ilikuwa jibu la swali gani. ‘Nilitaka kuacha muziki’ ikisimama peke yake kwa pointi 30 ni tangazo la msiba. Ndani ya aya huenda ilifuatwa na ‘kwa wiki moja, nilipovunjika kidole’.

Nitajuaje wasomaji waliolengwa bila kubahatisha umri?

Orodhesha kila jina la bendi, ala au mtindo uliotajwa bila kufafanuliwa. Hiyo ndiyo elimu ambayo jarida linaamini msomaji anayo. Majina mengi ya zamani yasiyoelezwa, safu tatu za maandishi na picha ndogo humwelekea msomaji mwenye subira na sanduku la sahani za santuri. Maswali mafupi, vipande vingi vya rangi na maelezo kwa kila jina humwelekea anayeanza. Andika na tarehe ya toleo: NME ya karatasi, jarida la muziki la Uingereza, iligawiwa bure kuanzia 2015 na toleo lake la kila wiki likakoma 2018, kwa hiyo ukurasa wa 2016 ulikuwa ukimshawishi mtu ambaye hakuulipia.

Aya moja ya uchambuzi ikae vipi?

Ushahidi kwanza, kipimo chake, kisha kazi yake kwa msomaji yule uliyemtambua, kisha neno au sentensi inayoukubali au kuupinga. Kwa mfano: ‘Picha inachukua asilimia 64 ya kurasa na msanii anatazama moja kwa moja kwenye kamera, hivyo msomaji anakutana na macho kabla ya neno lolote. Utangulizi unaanza na “Hataki utazame”, na msomaji aliyekwisha kutazama anajikuta ameingia asikokaribishwa.’