Mtandao Utachukua Gunia, Robo Inabaki Dukani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro alinifuata inboksi. Mama yake ana duka la vyakula pale Kihonda na mauzo yameshuka, kwa sababu majirani siku hizi wanaagiza mchele na mafuta kwa simu, bodaboda anawashushia mlangoni. Anataka kujua kama wauze friji na rafu, mtaji wauhamishie kwenye biashara ya mtandaoni. Wengi mmeshaniuliza hilo kwa namna yenu, kwa hiyo namjibu hapa hapa na wenzake wasome.

Mimi duka langu liko Tabata, Dar es Salaam. Wateja wananiita Mangi, jina wanaloitwa wenye maduka Wachaga, ingawa kwetu ni Singida, na Kilimanjaro nimepita tu nikiwa kwenye basi. Sisi wa maduka ya mtaani tumeshatangaziwa msiba mara nyingi. Zilipoingia supamaketi kubwa tuliambiwa tufungashe virago. Shoprite ikaondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake ikawauzia Nakumatt ya Kenya. Supamaketi ya Uchumi nayo ikafunga maduka yake hapa 2015. Nakumatt yenyewe ikalemewa na madeni hadi wadai wake kule Kenya wakapiga kura mwaka 2020 ivunjwe. Ikaja zamu ya mtandao: Jumia ikafunga shughuli zake hapa kwetu Novemba 2019, na Copia ya Kenya, iliyokuwa inafikisha bidhaa mpaka vijijini kupitia mawakala, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Mimi saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshafungua dirisha.

Siyo kwamba nina akili kuwazidi. Hao wa mtandao, hesabu ya boda ndiyo inayowamaliza. Ukimpelekea mtu sukari kilo moja, nauli imekula faida yote kabla pikipiki haijazimwa.

Ila usishangilie mapema, dada yangu. Anayetunyang'anya wateja sasa hivi hana hata ofisi. Ni binti aliyekaa sebuleni kwao na simu, anapokea mchele wa Kyela kutoka Mbeya, anaupiga picha, anaubandika status, na jioni ameuza kilo ishirini na tano ishirini na tano. Hadaiwi kodi ya fremu, wala hana mzani unaosubiri stika ya Wakala wa Vipimo. Na mchele wake mzuri, nimeuonja.

Nina mteja mmoja wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Nimemkopesha tangu mwanawe wa kwanza yuko chekechea. Juzi kati boda akasimama dirishani kwangu kuulizia nyumba yake, nyuma kafunga ndoo ya mafuta ya lita ishirini na kiroba cha mchele. Nikamwelekeza mwenyewe, kwa kidole changu. Jioni akaja mtoto: "Shikamoo Mangi. Mama anasema umpe nyanya ya kopo na kiberiti, atakulipa Ijumaa." Nikampa. Lakini iliniuma, na sitawadanganya, mpaka leo inaniuma. Hata kuniuliza bei ya ndoo hakuniuliza!

Usiku nikachukua kalamu. Chukulia gunia la sukari la kilo hamsini umelinunua kwa 135,000. Ukiuza kwa kilo, 3,000 kila moja, unapata 150,000, faida 15,000. Ukilipima robo robo kwa 800, unapata 160,000. Faida 25,000, ukitoa vifungashio na inayomwagika. Gunia ni lile lile. Mafuta ya kupima, unga, mchele na sabuni ya kipande vinakwenda hivyo hivyo. Yule mama ameondoka na manunuzi ambayo faida yake kwangu ilikuwa nyembamba, akaniachia yale yenye nyama. Fundi anayelipwa kwa siku hawezi kuagiza ndoo ya lita ishirini. Anataka mafuta ya mia tano, saa mbili usiku, na chenji yake mkononi.

Kwa hiyo pima. Mzani uwe safi, stika iwe hai, na usimpunje mtoto aliyetumwa, maana mama yake ana mzani wa macho. Weka lipa namba mahali inaposomeka. Friji usiuze! Maji baridi na maziwa mgando havisubiri boda. Na tena nasema, pima.

Kuna jambo la mgavi pia. Walipita hapa vijana wa kampuni moja, fulana safi, wakatuwekea programu ya kuagiza mzigo kwa simu. Bei zilikuwa tamu na gari lilifika mpaka mlangoni. Mwenzangu wa ng'ambo ya barabara akaacha kabisa kwenda kuchukua mzigo soko la Tandale. Siku kampuni ilipoacha kupokea simu, rafu zake zilibaki nyeupe. Mimi mtu wangu wa Tandale sikumwacha, ila hela niliyotanguliza ya katoni za sabuni sijaiona mpaka leo. Kwa hiyo tumieni hizo programu, lakini mzigo ufike kwanza ndipo hela itoke. Vijana mnapenda sana kitu chochote chenye nembo.

Na mkopo jamani. Daftari la madeni ndilo linaloua maduka mengi kuliko simu ya mtu yeyote. Andika jina, kiasi na siku ya kulipa, mbele ya macho yake. Anayenunua vikubwa kwingine na kukopa vidogo kwako, mwekee kikomo, tena mwambie ukiwa unatabasamu. Mimi nimekiweka. Yule mteja wangu alinuna kidogo, sasa analipa Ijumaa kweli.

Mwisho, huyo binti wa sebuleni usimchukie, muige. Mimi nina kundi la WhatsApp la wateja wa mtaa. Ijumaa naandika bei, Jumamosi asubuhi wanaagiza, na kijana wangu anazungusha kwa baiskeli bila nauli, kwa sababu aliye mbali kabisa yuko karibu na msikiti. Hakuna kampuni yenye ghala Ubungo itakayoiweza bei hiyo. Kama mama hapendi mambo ya simu, usimlazimishe. Kundi liendeshe wewe, yeye abaki kwenye mzani.