Mwalimu, kaptula nivue?

SWALI: Habari ya siku nyingi, Mwalimu? Mimi ni fundi wa kuchimba visima vya mvuke Menengai, nakaa Section 58 hapa Nakuru. Mwezi ujao natumwa Kyushu, Japani, kwa mafunzo ya wiki mbili. Wenyeji wetu wametupangia tulale usiku mmoja Beppu, katika nyumba ya wageni ya kienyeji yenye maji moto. Nasikia watu huoga pamoja, uchi. Meneja wangu atakuwepo, na ni rika la baba yangu! Mimi hata kwenye maji moto ya Kekopey huingia na kaptula. Tena nina tatuu begani, jina la binti yangu, na nimeambiwa huko tatuu ni balaa. – Fundi, Nakuru

JIBU: Pole, Fundi, kaptula haiingii majini. Wanaume wana upande wao, wanawake wao, na mlangoni huning'inia pazia, mara nyingi la buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake. Litazame kila unapoingia, hata kama jana ulipita hapo hapo. Nyumba nyingi hubadilishana pande usiku, na mimi asubuhi yangu ya kwanza niliokolewa na bibi mmoja mzee aliyenipungia taulo akicheka.

Kuhusu meneja: nawe ukimwona hivyo, naye amekuona hivyo. Niliingia na mkuu wangu wa shule, mtu wa kuogopwa Kisumu nzima, nikakaa kwenye kigoda nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Baada ya dakika tatu alikuwa ananiuliza kama timu ya Gor Mahia imeshinda.

Kigoda hicho ndicho cha kuzingatia. Unakaa mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni kuanzia kichwani, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye maji ya pamoja. Mle mnaloweka mwili tu. Kataulo kadogo unakopewa kasiguse maji. Wenyewe hukakunja na kukaweka kichwani. Maji huwa kama nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo usijitose. Anza na miguu, na ukisikia kizunguzungu toka. Kisheria hutashangaa sana, wewe mtu wa mvuke: sheria yao ya 1948 huita chemchemi ya maji moto hata maji ya nyuzi 25 yakitoka ardhini. Yale yanayochemka Ziwa Bogoria yangewatosha na kubaki!

Tatuu ni kweli ina shida, kwa sababu wengi huihusisha na magenge ya yakuza. Waombe wenyeji wako waulize mapema. Ya begani ikiwa ndogo hufunikwa kwa plasta, na pasipokubaliwa, nyumba nyingi zina bafu la faragha la kukodi kwa muda. Beppu yenyewe ina bafu kadhaa zisizojali.

Mimi aibu yangu haikuwa ya uchi. Viatu unaviacha mlangoni, unapewa slipa za kutembelea koridoni, nazo unazivua kabla ya kukanyaga mikeka ya chumbani. Chooni kuna slipa nyingine, za humo tu. Nilitoka nazo mpaka kwenye chakula cha jioni, visahani kama kumi na viwili mbele yangu, samaki mbichi, supu, wali, na watu wote wakitazama miguu yangu. Kabla ya hapo mhudumu alikuwa ameshanifungua joho la pamba, yukata, akanivalisha upya. Upande wa kushoto ndio hukaa juu. Wa kulia juu huvalishwa maiti.

Chakula hakingoji mtu. Wakisema saa kumi na mbili jioni, uwe umekaa. Ukirudi chumbani utakuta godoro limetandikwa sakafuni, na bahashishi usitoe, watakukimbiza wakurudishie.

Asubuhi, kabla ya basi, panda mtaa wa Kannawa. Mvuke unatoka ardhini kando ya barabara na watu wanapikia mayai, viazi vitamu na mahindi kwa mvuke huo huo. Mpige meneja picha pale. Huyo wa Menengai atataka kujua bomba lao ni la inchi ngapi.