Gita Jipya au Spika Kwanza? Mpiga Besi Anajibu Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wapiga besi wa bendi za kopi, zile zinazopiga nyimbo za watu wengine hotelini, harusini na kwenye sherehe za kuwaaga mabinti. Nimechagua nne, na majina ya walioandika nimeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Pasua, Moshi. Besi nilijifunzia kanisani, na sasa nimejiunga na bendi ya watu watano inayopiga kopi za zilipendwa, rege na nyimbo za siku hizi. Jumamosi tunapiga kwenye bustani ya hoteli, na mara nyingine tunaitwa kumbini hadi Boma Ng'ombe na Arusha. Gita langu ni la bei nafuu, la nyuzi nne. Amplifaya sina, natumia vyombo ninavyovikuta. Nimedunduliza fedha za kutosha kitu kimoja tu. Wenzangu wananishauri ninunue gita la maana, lakini shida yangu ni kwamba sijisikii jukwaani, yaani sauti ya besi yangu hainifikii masikioni. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umejijibu mwenyewe uliposema kwamba hujisikii. Mpiga besi asiyejisikia huchapa nyuzi kwa nguvu, vidole vikamchoka kabla ya mapumziko ya kwanza, na kwa kuwa hana uhakika na noti aliyoishika huanza kumfuata mpiga dramu badala ya kwenda naye sambamba. Gita la fedha nyingi haliponyi ugonjwa huo. Nunua amplifaya yenye spika yake, na gita ulilonalo ulitengeneze.

Nianze na gita kwa sababu ni jambo la gharama ndogo. Weka nyuzi mpya, kisha umpelekee fundi anayejua magita akunyooshee shingo na kushusha nyuzi hadi kimo ambacho vidole havisumbuki, lakini zisigonge freti, vile vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni. Halafu fanya jaribio hili ukiwa naye: gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikilize mlio wake, kisha ukandamize palepale na upige tena. Milio hiyo miwili inapaswa kulingana. Ule wa pili ukiwa juu zaidi, kile kikalio cha uzi kule chini kirudishwe nyuma kidogo. Ukiwa chini, kisogezwe mbele. Nimeshika magita mengi yaliyodharauliwa yakaimba vizuri baada ya nusu saa ya bisibisi, na nimeona Fender halisi, gita la kampuni yenye jina, ikitoa sauti ya kuudhi kwa sababu mwenyewe hakuwahi kubadilisha nyuzi tangu ainunue.

Sasa amplifaya. Watu huuliza wati kwanza, nami huwajibu kwamba wati hudanganya. Ukizidisha wati mara mbili unapata ongezeko la desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji karibu mara 10 ya nguvu uliyokuwa nayo. Kwa hiyo tofauti ya wati 250 na wati 300 haifai kukutoa fedha mfukoni. Kwa bendi yenye dramu za kawaida, ambayo sauti yake inapitishwa pia kwenye spika kubwa za ukumbi, wati 200 hadi 300 na spika moja ya inchi 12 au mbili za inchi 10 vinakutosha wewe na wenzako jukwaani. Wageni waliokaa meza za nyuma hawataisikia hiyo yako. Watakusikia kupitia mikisa, ile mashine ya fundi mitambo inayochanganya sauti zote na kuzipeleka kwenye spika za ukumbi. Ndiyo maana kabla ya kitu kingine chochote geuza amplifaya uangalie nyuma kama ina tundu la pini tatu la kupelekea sauti kwenye mikisa. Ikiwa haina, itakubidi ununue kijisanduku cha DI, ambacho kazi yake ni hiyo hiyo.

Ukitaka baadaye kuongeza boksi la pili la spika, soma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu 4, na amplifaya nyingi za transista zinamudu hapo. Ukipachika la tatu unashuka chini ya omu 3, na ile harufu ya waya unaoungua utaisikia kabla wimbo haujaisha.

Kuna pia uzito, ambao muuzaji hatakuambia. SVT, amplifaya ya besi ya kampuni ya Ampeg, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 za valvu, ilikuwa na kichwa (amplifaya yenyewe bila spika) kilichokaribia kilo 40, na spika zake zilikuwa boksi jingine kubwa la kubebwa na wanaume wawili. Leo kuna vichwa vya kilo 3 hivi vyenye nguvu kuliko hiyo. Wewe unayetoka Moshi kwenda Arusha kwa Noah, huku kondakta akitaka kukulipisha mzigo kama abiria, chagua kitu unachoweza kukiinua kwa mkono mmoja, gita likiwa mgongoni.

Ukishaipata, usiiweke sakafuni karibu na miguu yako. Uzi mnene ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa mita 8. Mawimbi marefu namna hiyo husambaa kila upande, lakini sehemu ya juu ya sauti ya besi, ambayo ndiyo inayoliambia sikio noti ni ipi, huenda moja kwa moja mbele ya spika. Ikiwa spika iko chini, sauti hiyo inakupita magotini. Ipandishe juu ya kiti cha plastiki imara au kreti la soda, uielekeze kichwani pako, na utashangaa kuona kwamba unaweza hata kuipunguza. Pale bustanini, ambapo hakuna ukuta wa kuirudisha besi, isogeze karibu na ukuta wowote uliopo nyuma yenu. Lakini mkiwa kwenye ukumbi wa vigae na paa la bati fanya kinyume, itoe kwenye kona na upunguze kitufe cha besi kabla fundi mitambo hajakuomba. Wengi wetu tukiambiwa besi haisikiki tunaongeza besi, kumbe kinachokosekana ni sauti ya kati.

SWALI: Mimi ni mama wa Kaloleni, Arusha. Mwanangu anapiga besi, na kila akichomeka gita nyumbani kunakuwa na mvumo ambao hunyamaza akigusa nyuzi. Wiki iliyopita, katika ukumbi mmoja, aliinama kuimba kiitikio na maikrofoni ikamrusha mdomoni. Je, gita ni bovu?

JIBU: Mama, hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo la kukunyima usingizi.

Mvumo unaonyamaza akishika nyuzi kwa kawaida unaonyesha kwamba waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) ndani ya gita umefika kwenye nyuzi kama inavyotakiwa; kinachovuma ni kelele za umeme zilizomo chumbani, za taa na chaja, ambazo pikapu inazinasa. (Nasema pikapu ya gita, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi.) Ikiwa gita lake lina pikapu mbili za mtindo wa Jazz Bass, gita la besi la Fender, mwambie afungue vitufe vyote viwili vya sauti sawasawa, mara nyingi pikapu hizo zimezungushwa kinyume, na zikifunguliwa pamoja mvumo mwingi unakufa.

Kurushwa mdomoni ni habari nyingine. Maana yake ni kwamba athi ya amplifaya yake na athi ya mikisa ya ukumbi hazikuwa zimeungana, au mojawapo haikuwepo kabisa, na mwili wa mtoto ndio uliounganisha pengo hilo. Umeme wetu ni wa volti 230, nao huua. Kabla ya kupiga tena, amplifaya yake na mikisa vichukue umeme kutoka soketi moja yenye athi inayofanya kazi, na kipima umeme cha bei ndogo kiwemo kwenye begi la gita. Wapo watakaomshauri akate pini ya athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Asithubutu. Vijisanduku vingi vya DI vina swichi ya kutenganisha athi kwenye waya wa sauti peke yake, na hiyo ndiyo njia salama ya kuondoa mvumo. Siku ambayo soketi haina athi na mwenye ukumbi hataki kusikia, vyombo virudishwe garini, hata kama fedha ya utangulizi imeshaliwa.

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mpiga kinanda wetu, ambaye ndiye kiongozi wa bendi, anataka nipige kila noti ya besi kama ilivyo kwenye rekodi. Nimepewa nyimbo 40 na wiki tatu. Tena mwimbaji wetu hubadilisha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, siku yenyewe ya onyesho, kulingana na koo lake. Je, kupiga kopi ndiyo kukariri kila kitu? Mimi niko Sakina, Arusha.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kiongozi wako ana haki kwa nyimbo chache tu, na kazi yako ni kuzitambua.

Chukua wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika. Besi ya Tom Malanga katika wimbo ule ndiyo uti wa mgongo wake, na mtu mzima aliyeucheza ujanani anaujua kwa besi kama anavyoujua kwa maneno. Hapo hakuna ubunifu wako. Ipige kama ilivyo kwenye rekodi. (Kwa sisi wa Arusha deni hilo ni la nyumbani, kwa kuwa ndugu wa ukoo wa Kinyonga walipigia hapa mjini na bendi ya Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuunda hiyo Simba Wanyika.) Lakini ziko nyimbo nyingi ambazo besi inashikilia kodi (noti zinazopigwa pamoja) tatu tu, na hakuna mchezaji atakayejua kama ulipita noti hii au ile.

Jambo ambalo watu hulihisi hata wasipolijua jina ni urefu wa noti. Sikiliza rumba ya zamani: mpiga besi anapiga, anaikata noti kwa kidole cha kushoto, na ule ukimya mfupi unaofuata ndio unaovuta nyonga. Kijana aliyezoea nyimbo za kanisani huiachia noti ielee hadi inayofuata, basi noti zote zinakuwa sahihi na wimbo unalala. Katika rege ya wani-dropu, dramu ya mguu huacha pigo la kwanza na kuangukia la tatu. Ukijaza nafasi ile kwa sababu unaogopa ukimya, umewaharibia wenzako. Kwa hiyo katika nyimbo zako 40, nakili kwanza urefu wa noti na mahali zinapoanguka, kisha noti zenyewe.

Namna ya kujifunza: usitumie spika ya simu, kwa kuwa haiwezi kutoa noti za chini za besi na utakuwa unabahatisha, tumia visikilizio. Punguza kasi ya wimbo kwa programu ambayo haibadilishi ufunguo. Halafu andika kodi kwa namba badala ya herufi, 1, 4, 5, ukihesabu kutoka noti ya ufunguo wa wimbo, kwenye daftari dogo, wimbo mmoja ukurasa mmoja. Mwimbaji akikugeukia na kusema leo tunashuka sauti moja, namba zako zinabaki zilezile. Kinachohama ni mkono tu, isipokuwa pale ulipozoea kutegemea nyuzi zilizo wazi, kwa hiyo fanya mazoezi bila kuzitegemea.

SWALI: Nimeonyeshwa gita la besi la nyuzi tano, mtumba kutoka Japani, lenye betri ndani, pamoja na amplifaya yake. Bei inavutia. Ninunue? Msomaji wa Usa River.

JIBU: Amplifaya kwanza. Japani hutumia umeme wa volti 100, hivyo soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa 100 tu, bila swichi ya kubadilisha, ukiichomeka hapa moja kwa moja unaiunguza. Itahitaji transfoma inayomudu mzigo wake, na bei ya transfoma uitoe kwenye bei anayokutajia.

Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 kwa sekunde, na boksi dogo la spika litakupa mngurumo badala ya noti. Faida yake kwa mpiga kopi iko kwingine: mwimbaji akishusha wimbo kutoka ufunguo wa E kwenda wa D, unayo ile D ya chini bila kulegeza uzi katikati ya onyesho. Ikiwa bendi yenu hubadilisha funguo mara kwa mara, linafaa. Ikiwa sivyo, nyuzi nne zimewatosha waliotangulia.

Na hiyo betri nina kisa nayo. Katika harusi moja huku Arusha, bibi harusi akiwa ameshafika katikati ya zulia, besi yangu ilianza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, ikakonda, ikanyamaza. Mpiga dramu alinitazama, mimi nikatazama waya, fundi mitambo akawa anahangaika na mikisa isiyo na kosa. Kosa lilikuwa langu: gita la namna hiyo hula betri muda wote jeki (ncha ya waya) ikiwa imechomekwa, na mimi nilikuwa nimeliacha limechomekwa tangu mazoezi ya usiku uliopita. Kwa hiyo ukienda kulijaribu, nenda na betri mpya ya volti 9 na waya wako mwenyewe, zungusha kila kitufe usikilize kama kinakwaruza, kisha tazama kama lina swichi ya kulipiga bila betri. Kama halina, betri ya akiba iwekwe mfukoni mwa shati lako, si kwenye begi lililobaki garini.